CHURA WA DAFTARINI NA CHURA WA MLIMANI

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayekutana na mazungumzo haya gazetini kwa sababu saa ya kipindi ilikukuta kwenye daladala, leo naomba tumzungumzie chura. Najua wapo watakaoguna. Chura katika lugha yetu hana heshima kubwa. Tukitaka kumdharau mtu mwenye malalamiko mengi tunamkumbusha kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na kiongozi anayewajibu waandishi wa habari kwa methali hiyo hupigiwa makofi ukumbi mzima. Lakini chura ninayemsema mimi ameniingiza katika shauri la kifamilia, na shauri hilo likanipandisha mlima ambao nimeishi chini yake tangu kuzaliwa bila kuujua vizuri.

Lilianza hivi. Dada yangu anayekaa Bigwa, hapa Morogoro, alinipigia simu jioni moja akasema, "Kaka, njoo uzungumze na mpwa wako. Hataki tena baiolojia, na mimi nimeshachoka kusema." Kwa msomaji asiyetujua Waluguru, sisi ukoo tunaufuata kwa mama, na mjomba si mtu wa kuja harusini kula pilau na kuondoka. Mtoto wa dada akipotea, anayeulizwa ni mjomba. Kwa hiyo kesho yake nilikwenda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia umegombana na somo."

Hakucheka. Aliingia chumbani akatoka na karatasi ya jaribio. Yuko kidato cha pili katika shule moja ya hapa mjini, na jaribio lilikuwa la maswali ishirini ya kweli au si kweli, yote kwa Kiingereza kama ilivyo desturi ya sekondari zetu. Swali la kumi na nne, nikilitafsiri, lilisema kwamba amfibia wote hutaga mayai yao majini. Binti aliandika kwamba si kweli. Amepigwa kosa kwa kalamu nyekundu. Juu ya karatasi pameandikwa 19 kwa 20.

Nikamwambia kwamba mimi katika umri wake, kwa 19 kwa 20 ningechinjiwa kuku. Akanitazama kama watoto wa siku hizi wanavyotutazama, kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: "Mjomba, hilo moja ndilo nililokuwa na hakika nalo. Mengine yote kumi na tisa nilikariri tu."

Hakika hiyo aliipata wapi? Kwa mjomba mwingine. Kaka yangu mkubwa analima ndizi na viungo Kinole, upande wa mashariki wa mlima, na kwa misimu kadhaa amewabebea mizigo watafiti wanaoingia msituni. Kazi ya watu hao hufanyika usiku, kwa tochi, mvua ikinyesha. Usiku mmoja, anasimulia, walimkuta chura mdogo kama kipande cha kidole gumba, amekaa juu ya jani, tumbo limemjaa. Mtafiti akamwambia kwamba huyo hatagi. Amebeba watoto, na atawazaa wakiwa vyura kamili. Kaka alitusimulia habari hiyo siku ya Idi, tukiwa barazani tumeshiba, na sisi watu wazima tukadhani anatia chumvi. Mpwa wangu hakudhani hivyo. Aliyahifadhi maneno yale mpaka siku alipokutana na swali la kumi na nne.

Baada ya kipindi alimfuata mwalimu wake akamweleza. Mwalimu akamjibu kwamba jibu lililomo katika mwongozo wa kusahihishia ni kweli, na kwamba katika mtihani wa taifa hakuna atakayemwuliza habari za mjomba wake. Wenzake waliosikia wakampa jina. Mpaka leo darasani anaitwa Mama Chura. Hapo ndipo baiolojia ilipomtoka moyoni.

Sasa mimi stashahada yangu ni ya uandishi wa habari, si ya sayansi. Chuoni tulifundishwa kwamba habari ya mtu mmoja si habari bado, hata kama mtu huyo ni kaka yako wa tumbo moja. Nikaanza kuuliza na kusoma. Niliyoyapata ndiyo haya ninayowaletea.

Tuanze na chura wa daftarini, maana naye si mwongo. Karibu kila mmoja wetu aliyepita sekondari amewahi kuchora lile duara lenye mishale: mayai, kiluwiluwi, kiluwiluwi mwenye miguu ya nyuma, chura mdogo mwenye mkia, chura kamili, kisha mshale unarudi kwenye mayai. Sisi katika miaka ya tisini tulilichora kwa penseli na kulipaka rangi, na yule ambaye mishale yake ilizunguka kinyume alikiona cha moto. Maana ya duara lile ni hii. Yai la kuku lina ganda linalozuia maji ya ndani yasikauke, ndiyo sababu kuku hutaga popote, hata ndani ya kabati la nguo. Yai la chura halina ganda. Limezungukwa na ute tu, na likiachwa juani hukauka. Kwa hiyo mama hulitafutia maji. Dume humng'ang'ania jike mgongoni, jike akitoa mayai naye dume huyamwagia mbegu palepale, nje ya mwili. Anayetoka katika yai hafanani na wazazi wake hata kidogo: hana miguu, ana mkia, anapumua kwa matamvua kama samaki. Kisha baada ya wiki kadhaa mwili wake unabomolewa na kujengwa upya. Mkia unaliwa kwa ndani, miguu inachomoza, mapafu yanachukua kazi ya matamvua, hata utumbo unafupishwa. Lugha yetu hapa imefanya ubahili kidogo, kwa kuwa neno kiluwiluwi tunalitumia kwa mtoto wa chura na kwa mtoto wa mbu vilevile, na nimewahi kumsikia bwana afya mmoja akiamuru dimbwi la vyura limwagiwe dawa ya mbu.

Anayeamuru ubomoaji huo ni tezi ndogo ya shingoni iitwayo thairoidi. Mwaka 1912 mwanasayansi J. F. Gudernatsch alieleza jinsi alivyowalisha viluwiluwi vipande vya tezi hiyo kutoka kwa wanyama wengine, wakageuka vyura kabla ya wakati wao, vyura wadogo mno. Na kiluwiluwi aliyeondolewa tezi hiyo huendelea kukua na kunenepa lakini habadiliki. Anabaki kiluwiluwi mkubwa. Tezi hiyohiyo mimi na wewe tunayo, na kichocheo chake hakitengenezwi bila ayodini, yale madini joto tunayohimizwa tuhakikishe yamo katika chumvi yetu. Sehemu za milimani ambako mvua imeiosha ardhi, watu waliyakosa madini hayo wakaota rovu. Kwa hiyo mtoto anayesoma habari za kiluwiluwi anasoma pia habari za shingo ya bibi yake, ila hakuna anayemwambia.

Haya, tupande mlima.

Milima ya Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima unaoanzia Taita nchini Kenya ukapita Pare na Usambara, Nguru na Ukaguru, mpaka Udzungwa. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukiigonga milima hii hupanda, hupoa, na kudondosha mvua. Upande wa mashariki wa Uluguru, huko kwa kaka yangu, mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, wakati sisi wa mjini, tuliokaa nyuma ya mlima, hatufikii nusu ya hiyo. Kilele cha Lupanga tunachokiona kutoka sokoni kina zaidi ya mita 2,100, na Kimhandu, ambacho hakionekani kutoka mjini, kinazidi mita 2,600. Misitu ya huko juu ni ya kale sana, ya mamilioni ya miaka, na kila mlima ni kama kisiwa kilichozungukwa na bahari ya nyika kavu. Kiumbe wa msituni aliyezoea ukungu hawezi kuvuka nyika kwenda kuposa kisiwa cha pili. Anabaki kwake, vizazi na vizazi, mpaka anakuwa wa peke yake. Ndiyo sababu Uluguru ina ndege ambao hawaonekani popote pengine duniani, na vinyonga, na mimea. Na vyura.

Habari za chura anayezaa si ngeni kama nilivyodhani. Mwaka 1905, mwaka uleule wazee wetu walipoanza vita vya Maji Maji, mtaalamu Mjerumani aitwaye Gustav Tornier alitangaza kwamba katika koloni lao la Afrika Mashariki kuna chura anayezaa watoto hai. Vyura wake walitoka nyanda za juu kusini, upande wa Rungwe. Mwaka 1926 jamii hiyo ilipewa jina la Nectophrynoides, jina ambalo mtangazaji halitamani hewani lakini ndilo hilo. Miaka hiyohiyo ya ishirini Arthur Loveridge, aliyewahi kuwa ofisa wa wanyamapori Tanganyika, aliipanda Uluguru akikusanya nyoka, vinyonga na vyura, na mwaka 1928 yeye na Thomas Barbour walichapisha uchunguzi mkubwa wa kulinganisha viumbe hao wa Uluguru na wale wa Usambara. Mwaka 2004 wataalamu walieleza aina tano mpya za Nectophrynoides, na mbili kati yake zilitoka Uluguru. Mwaka 2025 zikatangazwa aina nyingine tatu za hapa nchini, baada ya watafiti kupima chembe za urithi za vyura waliokaa katika chupa za makumbusho kwa zaidi ya miaka mia moja. Mmoja wao amepewa jina la Uhehe. Na jamii nzima hii, msomaji, inapatikana Tanzania tu. Duniani kuna aina zaidi ya 8,000 za amfibia, na vyura wanaozaa hawafiki hata mmoja katika kila mia. Wengi wa hao wachache ni wa kwetu.

Anazaaje? Dume na jike hukutana kwa namna ambayo mbegu huingia ndani ya jike, jambo ambalo karibu vyura wote wengine hawalifanyi. Mayai ni machache na yana kiini kikubwa. Hubaki katika mirija ya uzazi ya mama, na kila mtoto hula kiini chake mwenyewe. Mkia anaupata mle mle ndani na anaupoteza mle mle, miguu inaota, na anapozaliwa ni chura aliyekamilika, mdogo kuliko punje ya muhindi. Hivyo lile duara la daftarini halikufutwa, limehamishiwa tumboni. Mama ndiye aliyegeuka dimbwi. Huko Afrika Magharibi, katika mlima Nimba ulioko mpakani mwa Guinea, yupo ndugu yake wa mbali anayekwenda mbele zaidi: humlisha mtoto kwa majimaji yanayotoka katika mirija yake, na mimba yake huchukua kama miezi tisa. Miezi tisa, akina mama!

Kwa nini ajisumbue hivyo? Panda Uluguru mwenyewe utaona. Miteremko ni mikali mno, madimbwi hayakai. Maji yapo kila mahali, katika ukungu, katika kuvu ya miti, katika majani yaliyooza, lakini yale ya kijito yanateremka kwa kasi ya kumsomba kiluwiluwi mpaka Ngerengere. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya sababu zote, lakini hesabu ya mama inaeleweka. Chura wa bondeni hutaga mayai kwa maelfu na kuyaacha. Samaki watakula, ndege watakula, dimbwi litakauka, na wawili watatu watapona. Huyu wa mlimani huzaa wachache lakini huwavusha mwenyewe ule wakati wa hatari.

Wala si yeye peke yake aliyekataa kulifuata duara. Kuna vyura wadogo wa msituni wa jamii ya Arthroleptis ambao hutaga mayai katika udongo wenye unyevu, na mtoto hutoka akiwa na miguu minne, hakuna kiluwiluwi kabisa. Yupo Hoplophryne wa Uluguru ambaye viluwiluwi wake hukua katika maji kidogo yaliyotuama ndani ya mwanzi au katika kwapa la jani la mgomba. Huku chini katika nyika yupo yule anayefuma povu jeupe juu ya tawi lililoinamia dimbwi. Mayai hukaa ndani ya povu, na viluwiluwi wakishaanguliwa hudondoka majini kama matone. Mimi nikiwa mtoto niliyaona mapovu hayo nikaambiwa ni mate ya nyoka.

Udongoni nako kuna amfibia asiye na miguu, mrefu mwembamba, ambaye mkulima akimfukua kwa jembe humdhania mnyoo. Wa Uluguru anaitwa Boulengerula uluguruensis. Ndugu yake wa milima ya Taita alichunguzwa, na mwaka 2006 ikatangazwa kwamba mama hujiotesha ngozi ya nje yenye mafuta na watoto wake humbambua na kuila, kwa meno maalumu, bila kumdhuru. Nilipoisoma habari hiyo niliiweka gazeti juu ya meza nikatoka nje kupunga upepo.

Na kama unadhani majina ya kisayansi ni ya Kilatini na Kigiriki tu, huko Ukaguru, katika mkoa wetu huuhuu, mwaka 2002 alielezwa chura wa mitini ambaye wataalamu walimpa jina la Churamiti maridadi. Ndivyo linavyoandikwa katika vitabu vya dunia nzima, na Mjapani analisoma hivyohivyo. Nimewauliza vijana wa kidato cha tano wanaosoma mchepuo wa baiolojia kama wamelisikia. Hakuna.

Chura mmoja wa jamii hii Watanzania wengi wanamjua, ingawa kwa sababu nyingine. Ni yule wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto huo huko Udzungwa, katika eneo la hekta mbili hivi linalorushiwa manyunyu na maporomoko, wakati mradi wa umeme ulipokuwa unajengwa. Naye huzaa, watoto ambao kwa kawaida hawazidi kumi na watatu, na ngozi ya tumbo la mama ni nyepesi kiasi kwamba watoto huonekana kwa ndani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalikatika. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwa ndege kwenda Marekani. Mwaka 2003 waliobaki korongoni waliporomoka ghafla, ukungu wa ugonjwa wa ngozi ukitajwa miongoni mwa sababu, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam kwenye maabara ya Chuo Kikuu, na mwaka 2012 walianza kurejeshwa korongoni kwao, penye mabomba ya kunyunyizia maji badala ya maporomoko. Siubezi umeme wa Kihansi. Tulikuwa gizani kwa mgawo miaka ile, na redio hii haiendi kwa kuni. Nasema tu kwamba chura huyo alizungumzwa bungeni, magazetini na vijiweni, watu wakauliza kwa hasira chura ni nini mpaka asafirishwe kwa ndege, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyejibu kwamba ni mmoja wa vyura wachache duniani wanaozaa. Tungelijibuje? Wote tulikuwa tumefaulu lile swali la kumi na nne.

Mkazi wa Dar es Salaam asidhani haya ni ya Waluguru peke yao. Chura hupumua pia kwa ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu. Msitu ukikatwa, jua likaingia, yeye ndiye wa kwanza kuondoka. Lakini unyevu huohuo ndio unaokusanyika kuwa vijito, vijito vikawa Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayojaza ndoo za Dar. Mwaka 2022, Ruvu ilipopungua, watu wa mjini walipata maji kwa zamu wakamlaumu kila mtu.

Nilikwenda kumwona mwalimu wa mpwa wangu, si kwa kushitaki. Ni kijana mwenye adabu. Darasa lake lina wanafunzi wanaopita themanini, na maabara yake ni chumba chenye meza ndefu na sinki lisilo na bomba. Aliijua sauti yangu kabla sijajitambulisha. Nilimweleza niliyoyasoma, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, mimi natoka Kanda ya Ziwa. Mwaka wa nne huu nafundisha hapa. Huu mlima nauona kila asubuhi nikifungua dirisha. Sijaupanda." Akaendelea kwamba akiwafundisha watoto waandike si kweli, na msahihishaji wa taifa ameshika mwongozo unaosema kweli, mzazi atakayekuja kulalamika hatakwenda kwa msahihishaji, atakuja kwake. Sikuwa na jibu.

Tukafungua kitabu cha kiada pamoja. Na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitarajia. Kitabu hakikusema wote. Kilisema wengi. Neno hilo lilipotea njiani, kati ya kitabu na ubao, kwa sababu swali la kweli au si kweli halipendi neno wengi. Linataka wote au hakuna. Zaidi ya hapo, swali la tisa la jaribio lilelile lilihusu mnyama wa Australia mwenye mdomo kama wa bata, anayetaga mayai ilhali ananyonyesha. Darasa zima walilipata. Yaani mtoto wa Bigwa anajua kwamba huko Australia kuna mamalia anayevunja kanuni, na anapewa alama. Akisema juu ya mlima unaomwangalia yuko chura anayevunja kanuni, anapewa kosa na jina la utani. Nilimwonyesha mwalimu maswali hayo mawili, moja baada ya jingine. Alikuna kichwa, akacheka kidogo, akasema, "Hili la Australia limo kitabuni, mzee."

Mlima huu, kwa kweli, umeshazoea kufundishwa kutoka vitabuni. Miaka ya hamsini wakoloni walikuja na mpango wa kuwalazimisha wazee wetu wachimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri. Kwenye udongo wa Uluguru, ambako rutuba ni tabaka jembamba la juu, matuta yalifukua udongo mfu na mazao yakadumaa. Wazee walisema hivyo, hawakusikilizwa, na mwaka 1955 ghasia zikazuka, mpango ukaachwa.

Basi tukapanga safari, Jumamosi, kwa kibali cha ofisi ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa rasmi mwaka 2008. Wanafunzi sita, mwalimu, mimi, na kaka yangu kutoka Kinole akiwa mbele. Tulipitia Morningside, kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani, tukaelekea msituni upande wa Bondwa. Mimi nilipumzika mara nyingi kuliko nilivyotangulia kukusudia. Penye migomba ya mwisho kabla ya msitu, mwanafunzi mmoja alichungulia katika kwapa la jani akapiga kelele kwamba ameona viluwiluwi. Tukakimbilia wote. Mwalimu akatoa kioo chake cha kukuzia, akaangalia kwa muda mrefu, tukanyamaza. "Wa mbu," akasema.

Ndani ya msitu tulifukunyua majani yaliyooza tukawaona vyura watatu wadogo wa rangi ya kahawia, wepesi wa kuruka, ambao kaka alisema si wenyewe. Yule wetu hatukumpata. Wanaonekana kwa urahisi usiku, na watoto walitakiwa wawe nyumbani kabla ya magharibi. Mpwa wangu alitembea nyuma ya mjomba wake mkubwa njia nzima akimwuliza: walikuwa wanakaa jani la urefu gani, mvua ilikuwa imenyesha kiasi gani, tochi ya rangi gani. Yote aliyaandika. Mwalimu alikaa juu ya jiwe akiutazama mji chini, akinitaka nimwonyeshe shule iko wapi.

Jumatatu yake, naambiwa, aliandika swali la kumi na nne ubaoni upya, akafuta neno wote akaweka wengi, akawasimulia darasa habari za 1905 na za mzee wa Kinole. Alama haikubadilika, kwa kuwa matokeo yalikwisha kupelekwa kwa mwalimu wa taaluma. Binti bado anaitwa Mama Chura. Siku hizi anaitika.

Sasa wanataka kurudi wakati wa masika, usiku. Mwalimu ameomba ruhusa, na mkuu wa shule ameuliza ni nani atakayeweka saini iwapo mtoto atateleza gizani. Kwa mmoja nimeshaweka. Bado watano.